Barua ya wazi kwa vijana wanaotuandikia matangazo ya mtaa

Wanangu, assalamu alaykum.

Nakuandikieni nyinyi mlioshika simu za mtaa hapa Wete na vijiji vya jirani, mnaotangaza misiba, harusi, maji na mikutano ya sheha. Kazi hiyo ilikuwa ya mpiga mbiu, ikahamia redioni, leo imo mikononi mwenu. Sikukugombezeni kwa "xaxa" na "2po". Andikianeni mtakavyo nyinyi kwa nyinyi. Lakini tangazo la watu wote huharibika pale mnapoliandika kama mnavyolisema, maana simu haibebi lahani ya sauti wala uso wa msemaji.

Tazameni alama ya kuuliza. Kiswahili mara nyingi hutenganisha habari na swali kwa sauti tu. "Maji yametoka" likisemwa barazani, kila mtu anajua kama unaarifu au unauliza. Likiandikwa bila alama, mtaa mzima unatoka na ndoo. Herufi kubwa nayo ina kazi yake. "haji kesho" ni Haji anayekuja kesho, au ni mtu ambaye kesho haji? Na mnapokanusha, andikeni neno zima. Kukanusha kwetu kumebebwa na silabi moja, si- au ha-. Ukiandika "ctakuja", mzee hajui kuwa hiyo c yako ni "si", anaona "takuja" tu, naye anakupikia.

Hili si tatizo jipya. Waliotangulia kuandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu walikuwa na alama tatu za irabu kwa irabu zetu tano, na Kiarabu hakina p wala ch. Wakaongeza nukta na alama mpaka maandishi yakasomeka. Zamu hiyo sasa ni yenu.

Jambo linaloniuma zaidi ni siku na saa. Tangazo la kifo redioni likisomwa "leo", ile leo hufa jua likitua. Ya simuni haifi. Inarushwa kutoka kundi hadi kundi, inamfikia mtu wa mji wa Mkoani, kusini ya Pemba, siku ya tatu, naye anafunga safari kwenda kuzika aliyekwishazikwa. Kwa hiyo msiandike leo, kesho wala keshokutwa bila jina la siku na tarehe. Hata mtondo na mtondogoo, siku zinazofuata keshokutwa, maneno ambayo nakuombeni msiyaache yapotee, simuni yawekeeni tarehe pembeni.

Saa yetu huanza kuhesabu asubuhi na magharibi, ya simu huanza usiku wa manane, na baina yao zinapishana saa sita. Ukiandika "boti 7:00", mmoja atafika saa moja asubuhi, mwengine saa saba mchana. Saa ya Kiswahili iandikeni kwa maneno na mtaje wakati wake: saa moja asubuhi. Na kwa shughuli za mtaani, sala ndiyo saa isiyokosewa. "Baada ya alasiri" hakuna asiyeielewa.

Kisha kuna usiku. Kwa hesabu yetu usiku hutangulia mchana wake, basi usiku wa Ijumaa ni ule unaoingia Alhamisi magharibi. Simu inasema vingine, na vijana wengi wameshaifuata. Maulidi ya "usiku wa Ijumaa" hupata wageni siku mbili. Andikeni: Alhamisi usiku, kuamkia Ijumaa, kisha tarehe.

Wenye simu ndogo za vibonye wanategemea meseji ya kawaida. Hiyo inabeba herufi 160, nafasi na nukta zikiwemo. Ukitia kikatuni kimoja cha uso, au herufi moja ya Kiarabu, kikomo kinashuka hadi 70, na meseji inakatwa vipande ambavyo kila kimoja hulipiwa. Hata kile kikoma cha juu katika ng'ombe, simu ikikipinda chenyewe, huleta balaa hilohilo. Kwenye mipangilio ya kibodi zimeni alama za kupinda, na muwashe Kiswahili ili maneno yenu yasigeuzwe ya Kiingereza. Mfano wa meseji ya msiba:

"Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun. Amefariki Bi Fulani, mama wa Fulani wa Limbani. Maziko Jumatano 14 Mei, Limbani, baada ya sala ya alasiri."

Hizo ni herufi 142. Zilizobaki tieni jina la mtumaji, mtu ajue wa kumuuliza.

Kwa wasiosoma, rekodini sauti isiyozidi dakika moja. Tajeni jina la marehemu mwanzo, salamu ndefu ziachwe.

Na jambo likibadilika, msilifute tangazo la mwanzo kimyakimya. Tumeni jipya linaloanza na neno MABADILIKO, likitaja lile la kwanza kwa tarehe yake, kwani hilo la kwanza limeshavuka bahari, liko Unguja.

Mzee wenu,
Wete, Pemba