Barua kwa Mwanaidi: ule mlango uliokubana buibui

Ngamiani, Tanga

Shoga yangu Mwanaidi,

Asalaam alaykum. Natumai hamjambo hapo Bagamoyo, wewe, shemeji na watoto, na yule mama mkwe wako ambaye simsemi kitu kwa kuwa najua barua zako anazisoma. Huku wote wazima isipokuwa Shangazi, na yeye ndiye aliyenitia kalamu mkononi. Najua nimekaa kimya tangu Mfungo Mosi, najua umeninunia. Endelea kuninunia, ila nisome kwanza. Ningekupigia simu, lakini wewe ukipokea unaongea peke yako mpaka salio linakwisha.

Unaukumbuka ule mlango? Ule wa kioo unaofunguka wenyewe, kwenye lile jengo jipya mjini, uliokubana buibui siku tulipokwenda kulipia bima ya pikipiki ya kaka yako. Ulipiga ukelele watu wakadhani umeporwa. Basi huohuo umemwangusha Shangazi.

Alikwenda kufuatilia mafao ya marehemu mumewe. Mwendo wake unaujua: hatua mbili, anasimama, anamsalimia mtu, anauliza habari za watoto. Kufika palepale kizingitini ndala ikamvuka, akasimama kuitafuta kwa kidole cha mguu. Mlango ukamrudia. Ulimpiga bega, mkongojo ukaenda zake, na yeye akauangukia mkono. Kifundo cha mkono wa kulia kimevunjika, amefungwa hogo mpaka karibu na kiwiko. Mkono wa kulia, Mwanaidi! Ndio wa kulia chakula na ndio wa kusukia ukili. Mikeka miwili ya watu imelala uvunguni nusunusu, na mwenye harusi wa Makorora kila siku anatuma mtoto kuulizia.

Hospitali wakataka kwanza PF3, ile fomu ya polisi ya majeruhi, tukaenda polisi huku mtu anaugulia. Nililalamika sana wakati ule. Sasa naambiwa karatasi ile ni mali.

Haikupita muda akaja meneja wa jengo na kikapu cha machungwa ya Muheza na karatasi ya kutia sahihi. Maneno matamu, pole nyingi, watalipa gharama za hospitali zote. Karatasi yenyewe Kiingereza kitupu. Shangazi kwa kuwa mkono wa kulia haufanyi kazi akanyoosha kidole gumba cha kushoto, na wino ulishafunguliwa. Mtoto wa Mama Saumu, yule anayesomea sheria na kutuchosha nayo, ndiye aliyeidaka. Kumbe imeandikwa kwamba akishapokea hizo pesa za hospitali, hamdai mtu yeyote chochote, leo wala kesho. Machungwa tuliyala. Karatasi hatukutia kidole.

Ndipo nikaenda kwa wakili yule wa Chumbageni aliyesimamia kesi ya ukuta. Akaanza kunihadithia habari za fundi wa gesi aliyekwenda kufanya kazi kwenye kiwanda cha sukari London akatumbukia kwenye shimo lisilozungushiwa uzio, kesi ya mwaka 1866. Nikasema moyoni, huyu kanichoka. Lakini alikuwa na lake. Anasema sheria yetu ya mambo ya uzembe kwa sehemu kubwa tuliipokea kutoka Uingereza, ile iliyokuwapo mpaka Julai 1920, na humo ndimo ilimo kanuni iliyotoka kwa yule fundi: ukimwita mtu kwako kwa shughuli yenye faida kwako, una wajibu wa kumkinga na hatari isiyo ya kawaida ambayo unaijua, au ulipaswa kuijua.

Hapo kwenye kujua ndipo kesi yote ilipokaa. Maana wenye jengo wanasema mlango ulikuwa mzima, hawakuwa na habari ya ubovu wowote, na labda umeme ndio uliocheza.

Na mie nikakukumbuka wewe na buibui lako.

Ngoja nimalize la mlango kwanza. Nilimuuliza yule binamu yako wa Kariakoo anayefunga milango hiyo, na alinieleza vizuri kuliko nilivyotegemea, kwa jinsi anavyopenda mizaha. Anasema juu ya mlango kuna macho ya aina mbili. Moja ni la kuona mwendo: ukija unatembea linakuona kwa mbali, mlango unafunguka. Lakini ukisimama kimya, jicho hilo halina habari nawe tena. Kwa hiyo pawe na jingine, linaloangalia pale mlangoni penyewe kama kuna kiumbe, hata kama hatikisiki. Hilo la pili likifa, mlango bado utafunguka vizuri kwa kila anayetembea, na mwenye jengo ataapa kuwa ni mzima. Atakayeumia ni mwenye kusimama: mzee, mjamzito, mtoto, mtu wa magongo. Kulipima si kazi ya injinia. Unaingia, unasimama katikati ya kizingiti bila kujitikisa, unaona kama mlango unakusubiri. Ulaya wana kanuni yao ya milango hii, EN 16005, iliyotoka kwanza mwaka 2012, na Marekani watengenezaji wenyewe wanawahimiza wenye majengo wafanye majaribio ya namna hiyo kila siku. Kila siku! Sisi hata daftari la matengenezo tukiliomba tunaambiwa liko kwa mkandarasi, na mkandarasi yuko Dar, na Dar hapokei simu.

Wakili anasema mkandarasi naye anaweza kuunganishwa kwenye kesi, wagawane lawama wenyewe mbele ya hakimu. Wakili wao naye kesha tupa jiwe lake: ati mzee alisimama pasipo pa kusimama, kwa hiyo amechangia kujiumiza. Nimeambiwa hoja hiyo mahakama inaweza kuisikiliza na kupunguza fidia. Nilikasirika mpaka nikaacha chai. Sasa mlango wa watu wote wameuweka kwa ajili ya wanaokimbia?

Shangazi mwenyewe ndiye anayenishinda. Ukimtajia mahakama anasema ni kadari, kesha samehe, na yeye hajawahi kusimama kizimbani toka azaliwe. Mtoto wa Mama Saumu akamweleza kuwa mdai hasimami pale kama mwizi. Akajibu, “Nyie mtasimama, mie nitakaa.” Lakini juzi nilimkuta usiku anajaribu kusuka kwa mkono wa kushoto, na aliponiona akaficha. Kwa hiyo kusamehe huko sijui.

Risiti zote nimezitia kwenye kopo: dawa, picha ya mkono, nauli. Wakili kanionya kuwa hasara ya namna hiyo lazima itajwe moja moja na ithibitishwe moja moja; ya maumivu na usumbufu hakimu hupima mwenyewe. Tatizo ukili. Nani anaandika risiti ya mkeka? Nimemwomba mwenye harusi aandike kwa mkono wake alikubaliana bei gani. Ameandika, na chini yake ameandika pia kwamba bado anausubiri.

Muda tunao, miaka 3 kwa madai ya namna hii. Lingekuwa jengo la serikali ingebidi kwanza tutoe notisi ya siku 90, ila hili la mtu binafsi. Linalotukimbia ni kamera. Picha zake hujifuta zenyewe, mpya zinakaa juu ya za zamani. Wakili ameshapeleka barua kutaka za siku ile zitunzwe. Kama zitatunzwa, Mungu ndiye anajua.

Haya, sasa nakuja kwako. Siku ile ya buibui ulisimama palepale ukitafuta pochi. Hukuwa unatembea. Na ulipomfokea yule kijana mlinzi, si alikuambia wameshasema kwa bosi na fundi bado hajaja? Mie nilikuwa nje na pikipiki, sikusikia. Ila ulinitumia ule ujumbe wa sauti WhatsApp, unacheka na kulaani pamoja, na maneno ya mlinzi unayarudia kwa kumwigiza. Bado ninao, na tarehe yake ni ya kabla ya Shangazi. Nimeambiwa tangu sheria ya miamala ya kielektroniki ya 2015 ujumbe wa namna hiyo unapokelewa mahakamani. Tafadhali wa kwako usiufute, hata simu ikijaa. Futa zile video za mapishi ambazo hupiki.

Linalonikereketa ni huyo mlinzi. Ni mtoto wa Mikanjuni, mama yake unamjua, yule wa mihogo. Ameajiriwa na kampuni ya ulinzi, si na jengo, na nikimwita ushahidi kesho hana kazi. Nilikutana naye sokoni akageuza uso. Simlaumu. Nilimwambia wakili, yule kijana tumwache kama tunaweza. Akajibu kuwa tunaweza, kama wewe utasema ulichokiona kwa macho yako mwenyewe: mlango ulikubana ukiwa umesimama. Ya mlinzi yaje baadaye au yasije kabisa. Ndiyo maana nakulilia wewe.

Ninachoomba ni hati ya kiapo. Unakwenda kwa wakili yeyote hapo Bagamoyo anayeapisha, unaeleza siku, saa, ulisimama wapi, buibui lilibanwa upande gani, unatia sahihi. Gharama nitatuma mie. Ikija kuhitajika kufika Tanga mwenyewe, nauli na kitanda vipo, na samaki utakula mpaka uombe maharage.

Usikubali kwa kunionea haya, shoga. Kama shemeji hataki jina lako liingie mahakamani, niambie wazi, nitafute njia nyingine.

Lile buibui bado unalo? Si lilichanika pindoni, au uliliziba? Kama umelishona, fundi aliyelishona ni nani, anakumbuka? Ulikuwa na risiti ya bima ya pikipiki? Hiyo ina tarehe na saa. Kaka yako anaweza kuwa nayo, mwulize bila kumwambia sababu, maana akijua Tanga nzima imejua. Na mlango ulipokubana, ulifunguka wenyewe au kuna mtu aliuvuta? Hilo wakili ameniuliza nikakosa jibu. Na mama mkwe anaendeleaje na magoti? Mtakuja Maulidi?

Nijibu upesi. Kwa sauti pia sawa, ila safari hii usiigize mtu.

Wako,
Mama Rukia