Barua kwa mwanangu anayesomea sheria: mlifanya nini Cholmondeley alipoachiliwa?

Mwanangu mpendwa,

Salamu kutoka nyumbani Gilgil. Sote tu wazima, mvua imeanza vizuri na mama yako ameshapanda viazi. Lile swali lako la juzi kwenye simu sikutaka kulijibu kwa haraka, mtandao wenyewe ukikatika kila dakika. Ulisema mhadhiri wenu amewafundisha kesi za Tom Cholmondeley, yule Mzungu wa ukoo wa Delamere aliyeshtakiwa mara mbili kwa kuua watu shambani kwake Soysambu, na wenzako wakasema watu wa huku walipiga kelele siku mbili wakarudi makwao. Ukaniuliza: baba, mlifanya nini?

Mwaka 2005 ulikuwa bado mgongoni kwa mama yako. Tarehe 19 Aprili maofisa wa KWS, shirika la serikali la kulinda wanyamapori, waliingia shamba la Soysambu wakiwa wamevaa kiraia, na gari lao halikuwa na alama. Walikuwa wakifuatilia biashara ya nyama ya porini, na kwenye kichinjio cha shamba waliwakuta wafanyakazi na mzoga wa nyati. Cholmondeley alipofika alifyatua risasi, na mmoja wa maofisa hao, Mmaasai Samson ole Sisina, akafa. Maelezo yake yalikuwa kwamba aliwadhania majambazi waliowavamia watu wake. Akashtakiwa kwa mauaji kule Nakuru. Mwezi uliofuata Mwanasheria Mkuu, Amos Wako, akawasilisha nolle prosequi, yaani hati ya kuondoa mashtaka kabla kesi haijasikilizwa, mtu akaenda zake nyumbani.

Habari hiyo ilitukuta kazini, machimboni. Tulikuwa na redio ndogo ya betri tukiitundika kwenye mti, na saa saba watu walikuwa wakila githeri huku wakisikiliza. Mtangazaji alipomaliza, mnyapara wetu, mzee wa Kimaasai asiye na maneno mengi, alisimama akaizima. Akauliza, "Mashahidi walisema nini?" Tukamwambia hakuna shahidi aliyeitwa. Akauliza tena, kama mtu ambaye hajasikia: "Hata mmoja?" Siku ile hakurudi kazini.

Swali lake hilo ndilo nimekaa nalo miaka yote hii, kuliko matusi yote niliyoyasikia baadaye. Kwenye matatu watu walisema mzungu ni mzungu, mnyonge hana haki, serikali imenunuliwa. Wamaasai waliandamana, wakatishia kuvamia shamba. Wanasiasa nao wakapata jukwaa. Mimi pia nilipaaza sauti, wala sioni aibu. Hasira ile ilikuwa na mizizi na ni lazima uijue, maana vitabu vyenu vya sheria huenda vikaitaja kwa sentensi moja tu.

Anza na ardhi yenyewe. Mwaka 1904 Waingereza waliandikiana na Wamaasai mkataba wa kuwatoa katika Bonde la Ufa, pamoja na malisho ya Naivasha na Nakuru, wakaahidi kwamba mkataba ungedumu muda wote Wamaasai watakapokuwepo duniani. Haukudumu hata miaka kumi. Mwaka 1911 ukaja mwingine wa kuwahamisha tena, safari hii kutoka Laikipia walikokuwa wamepelekwa, na walipokwenda mahakamani mwaka 1913 waliambiwa mkataba ule ni mambo ya mataifa mawili, mahakama haina uwezo wa kuusikiliza. Hawakuambiwa kwamba wamekosea. Waliambiwa tu hawana pa kusemea. Wakati huohuo Lord Delamere wa tatu, baba wa babu yake huyu Tom, alikuwa ameshakaa Soysambu, ukingoni mwa ziwa Elementaita. Jina hilo wazee wetu waliliona kila mahali: barabara kuu ya Nairobi, unayoijua wewe kama Kenyatta Avenue, iliitwa Delamere, na sanamu yake ilisimama pale hadi uhuru.

Kisha damu. Mwaka 1923, huko Molo, kijana aliyeitwa Kitosh alitumwa na mlowezi Jasper Abraham, naye akampanda farasi jike mwenye mimba badala ya kumwongoza kwa miguu. Alichapwa, akafungwa kamba stoo, usiku akafa. Baraza la wazee wa mahakama lilikuwa la walowezi watupu. Madaktari wakaja kueleza kwamba marehemu alitaka kufa, na kutaka kwake ndiko kulikomuua. Hebu soma sentensi hiyo mara mbili, mwanangu. Abraham alipatikana na hatia ya kujeruhi vibaya, akafungwa miaka miwili.

Kuna mara moja mambo yalikwenda kinyume. Peter Poole alimpiga risasi Kamawe Musunge mwaka 1959, kwa sababu alikuwa akiwarushia mawe mbwa wake. Baraza la Wazungu lilimwona na hatia, na licha ya Wazungu wengi kumwombea msamaha, alinyongwa Nairobi tarehe 18 Agosti 1960. Lakini ulikuwa mwaka wa 1960, kila mtu akiona bendera inakaribia kushuka. Na baada ya bendera kushuka tulidhani yamekwisha. Mwaka 1980 baharia wa Kimarekani, Frank Sundstrom, alimuua Monica Njeri mjini Mombasa, akakiri kuua bila kukusudia, na jaji Mwingereza aliyekuwa bado kwenye kiti akamwachilia kwa dhamana ya shilingi 500 na ahadi ya kuwa na mwenendo mwema. Nilikuwa mtoto wa shule. Nakumbuka watu wazima wakitaja hizo shilingi mia tano kwa sauti ya chini, kama mtu anayetaja ugonjwa.

Kwa hiyo Wako alipotia sahihi yake mwaka 2005, watu hawakuisoma kama karatasi mpya.

Mwaka mmoja baadaye, tarehe 10 Mei 2006, shamba lilelile, mtu yuleyule. Robert Njoya alikuwa na wenzake na mbwa, wamenasa swala. Alikuwa fundi wa mawe. Sikumjua, ila kazi yake ndiyo kazi yangu, na najua mtu wa mawe anaingiaje porini kutafuta kitoweo: ni wiki ambayo tajiri wa ujenzi hajalipa. Sisemi uwindaji haramu ni halali. Nasema kumnasa swala hakuna adhabu ya kifo. Cholmondeley alisema aliwalenga mbwa. Njoya alivuja damu, Cholmondeley mwenyewe akamfunga kidonda, akapelekwa hospitali, lakini hakupona.

Safari hii hakuna Mwanasheria Mkuu aliyethubutu. Hapo ndipo jibu la swali lako linapoanzia, mwanangu. Zile kelele ambazo wenzako wanazidharau ndizo zilizoufunga ule mlango mara ya pili. Mshtakiwa alikaa rumande Kamiti miaka mitatu. Keriako Tobiko aliongoza mashtaka, Fred Ojiambo akatetea, mashahidi wakahojiwa na kuhojiwa tena, na upande wa utetezi ukafika mahali pa kudai kwamba huenda risasi ilitoka kwa rafiki aliyekuwa naye siku ile. Mei 2009 Jaji Muga Apondi akasema nia ya kuua haikuthibitishwa, akamtia hatiani kwa kuua bila kukusudia. Wiki moja baadaye akampa miezi minane. Alisema wazi kwamba adhabu ni nyepesi, ili mtu huyo apate nafasi ya kuyatafakari maisha yake. Oktoba mwaka huohuo alikuwa nje.

Huku kwetu ilipokewa kama tusi. Miezi minane! Nilimsikia mtu akisema ukiiba kuku utafungwa zaidi. Mimi pia adhabu ile iliniuma, na bado naiona ndogo mno kwa maisha ya baba wa watoto. Hapo sibadili neno. Ila nataka utenganishe mambo mawili ambayo barabarani yalichanganywa na bado yanachanganywa.

Ya 2009 ni hukumu. Unaweza kuipinga kwa sababu ina mwili: ina ushahidi, ina hoja, ina sahihi ya jaji aliyelazimika kueleza kwa nini. Ukiona amekosea, unaweka kidole pale alipokosea. Ya 2005 haina mahali pa kuweka kidole. Huenda Cholmondeley kweli aliogopa siku ile. Hofu ya majambazi Naivasha haikuwa ya kubuni. Januari 2006 Joan Root, aliyejulikana kwa filamu za wanyama, aliuawa nyumbani kwake kandokando ya ziwa. Kama alimdhania ole Sisina jambazi, angesimama kizimbani aseme hivyo, aulizwe maswali, na wenzake na marehemu waliokuwepo waseme waliyoyaona. Baadaye jaji angeweza hata kumwachilia kabisa, nasi tungekasirika, lakini tungekuwa tumesikia. Walichonyimwa watu wa ole Sisina si kifungo tu. Walinyimwa kusikia.

Na hili la mwisho linanitia uchungu zaidi, na sijui kama utalipenda. Mwaka 2008 Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ya Kenya ilitoa ripoti kuhusu vijana waliouawa katika msako wa kundi haramu la Mungiki, karibu 500, polisi wakinyoshewa kidole. Tarehe 5 Machi 2009 Oscar Kamau King'ara na John Paul Oulu, waliokuwa wakikusanya habari za mauaji hayo, walipigwa risasi ndani ya gari jijini Nairobi, karibu na mabweni ya chuo kikuu. Hiyo ni miezi miwili tu kabla ya hukumu ya Cholmondeley. Wanafunzi waliandamana, naam, lakini pale machimboni kwetu hakuna aliyeizima redio. Hakuna aliyehukumiwa kwa mauaji yale. Muuaji alipokuwa Delamere, historia yote ya Kitosh ilitupanda kichwani, na ilikuwa sawa itupande. Aliyeua alipokuwa na ngozi kama yetu na bunduki ya serikali, tulisema, "Labda walikuwa Mungiki." Ni hoja ileile ya "labda walikuwa majambazi," ambayo tuliikataa kwa Cholmondeley.

Sikuambii hivyo ili uache kuitazama rangi. Wanaosema rangi haikuwa na kazi yoyote Soysambu hawajawahi kutembea kandokando ya ua ule wakiwa na mbwa. Nakuambia kwa sababu wewe ndiye utakayeingia mahakamani, na faili zitakazokujia nyingi hazitakuwa na jina la kuwatoa watu barabarani.

Sasa, tulifanya nini? Kwa miaka mingi ile nolle prosequi ilikuwa ikimaliza kesi za wakubwa, za kila rangi, Mwanasheria Mkuu akitia sahihi bila kumjibu mtu. Katiba ilipoandikwa upya, watu walikuwa wamechoshwa nayo. Fungua Ibara ya 157. Kazi ya mashtaka ilitolewa kwa Mwanasheria Mkuu ikapewa Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma, na kifungu kidogo cha 8 kinamkataza kuondoa kesi bila ruhusa ya mahakama. Mkurugenzi wa kwanza chini ya katiba hiyo alikuwa Tobiko yuleyule. Agosti 2010 nilipanga foleni kabla jua halijachomoza, hapa kwenye shule ya msingi, na yule mnyapara alikuwa mbele yangu, ameegemea fimbo, koti limefungwa hadi shingoni kwa baridi ya Gilgil. Sikumuuliza anapiga kura gani. Najua mimi nilipiga ya ndiyo, na kifungu hicho ni sababu mojawapo.

Wala usidhani kifungu kimemaliza kazi. Unasoma magazeti kuliko mimi. Unaona jinsi kesi za wakubwa zinavyoondolewa hata leo, tofauti ikiwa ni kwamba sasa kuna jaji ambaye ni lazima aombwe. Mwanasheria akisimama pale akapinga, na akapinga vizuri, jaji anaweza kukataa. Asiposimama mtu, ombi linapita asubuhi kimyakimya kabla ya chai.

Cholmondeley alifariki Agosti 2016, Nairobi, baada ya upasuaji. Siku ile watu walinitumia ujumbe wa kushangilia, sikuujibu hata mmoja. Kufa kwake hospitalini hakukuwa jibu la swali la mnyapara.

Ninalokuomba: usiishie kwenye muhtasari wa mhadhiri. Tafuta hukumu yote ya Jaji Apondi maktabani kwenu, uisome neno kwa neno, hasa pale anapoeleza kwa nini nia ya kuua haikuthibitishwa, kisha nipigie uniambie kama umekubaliana naye. Mimi nina maoni yangu kuhusu zile risasi na wale mbwa, ila nataka kusikia yako kwanza. Karo ya muhula nitaituma ikifika tarehe tano, tajiri wa ile nyumba ya Kikopey amesema atalipa. Mama yako anasema ule vizuri, na usisahau sweta.

Ni mimi baba yako.