Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Chakula Chetu Tukifunge kwa Chombo Gani?

Ndugu wanachama, mama lishe na baba lishe wenzangu,

Mambo ya ada, vitambulisho na mfuko wa kufa na kuzikana yamo kwenye taarifa za katibu na mhazini, kwa hiyo sitayarudia. Nafasi yangu naitumia kwa jambo lililotuchukulia vikao vingi mwaka huu: chakula cha mteja anayebeba tukifunge kwa chombo gani.

Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku Tanzania Bara tarehe 1 Juni 2019, wengi wetu tumeamini kwamba ukishaacha plastiki ukashika karatasi, kazi imekwisha. Kamati yetu ya mazingira imelifuatilia suala hili kwa undani, na jibu lina pande nyingi.

Tuanze na lile boksi jeupe la povu, la chipsi kuku. Ni polistairini, zao la mafuta ya petroli, na sehemu kubwa yake ni hewa tupu. Kwa wepesi wake, kulitengeneza na kulisafirisha hakuli malighafi nyingi. Ubaya unaanza likishatupwa. Haliozi, linamegeka vipande vidogo vidogo, na vijana wanaookota chupa za maji hawaligusi kwa kuwa halina mnunuzi wa kilo. Mvua ikinyesha linaelea hadi Mto Msimbazi, na ninyi wenye vibanda mabondeni mnajua mfereji ukiziba maji yanaingia kwa nani.

Boksi la karatasi nalo lina gharama yake. Kiwandani linataka miti, maji mengi na nishati, na ni zito kuliko la povu. Ili mchuzi usivuje, mengi hupakwa utando wa plastiki kwa ndani, hivyo wanunuzi wa karatasi chakavu hawalitaki na kwenye mboji haliozi lote. Likifukiwa dampo chini ya taka nyingine, pasipo hewa, linatoa methani, gesi inayopasha dunia joto takriban mara 28 kuliko kaboni dayoksaidi kwa kipimo cha miaka 100. Huko Uingereza, Environment Agency, wakala wa serikali wa mazingira, ilitoa ripoti mwaka 2011 kuhusu mifuko ya kubebea bidhaa. Ilionyesha kuwa mfuko wa karatasi lazima utumike mara 3, na wa pamba mara 131, ndipo madhara yake kwa hali ya hewa yalingane na mfuko mwepesi wa plastiki uliotumika mara moja. Hesabu ile haikuingiza taka zinazozagaa, mifereji iliyoziba wala ng'ombe aliyemeza rambo, na kwa sababu hiyo sikubaliani na wanaoitumia kubeza marufuku yetu.

Kuna pia vyombo vinavyouzwa kwa jina la "vinaoza", vya plastiki itokanayo na mahindi. Muuzaji mmoja wa jumla alituletea sampuli. Supu ya moto ilipomiminwa, bakuli lililegea na kupinda mkononi mwa mhudumu, maana plastiki hiyo hulainika ikikaribia nyuzi joto 60. Bakuli jingine tulilifukia kwenye shimo la mboji nyuma ya jiko. Maganda ya ndizi yaliyokuwa juu yake yakawa udongo, na bakuli likafukuliwa likiwa zima, hata maandishi yake yanasomeka. Linahitaji mtambo wa mboji wenye joto kali la muda mrefu. Taka zetu zinakwenda dampo la Pugu Kinyamwezi, na kule zinarundikwa tu.

Msimamo wangu ni huu: kabla ya kuuliza chombo kimetengenezwa kwa kitu gani, tuulize kitatumika mara ngapi na kitaishia wapi. Mfano tunao kila siku mbele ya vibanda vyetu. Chupa ya soda ya kioo ni nzito na kuiyeyusha kunataka moto mkali, lakini mteja anaacha pesa ya chupa, chupa inarudi kwenye kreti, inaoshwa na kujazwa tena. Hotpoti za wateja wa maofisini ni hivyo hivyo, na wenzetu walioanza kupeleka chakula kwa hotpoti wamepunguza gharama ya kununua maboksi.

Tusisahau chakula chenyewe. Utafiti mkubwa uliochapishwa kwenye jarida la Science mwaka 2018 ulionyesha kuwa vifungashio ni takriban asilimia 5 tu ya gesi joto zote zitokanazo na chakula. Sehemu kubwa iko shambani na kwenye mifugo. Sufuria ya nyama iliyochacha ikamwagwa jioni ina madhara kuliko maboksi mengi, kwa hiyo chombo kinachovujisha au kuharibu chakula hakifai hata kikiwa cha majani.

Kamati inaomba idhini yenu kwa mambo mawili: chama kinunue hotpoti na vyombo vya chuma vya kukodishwa kwa wanachama, kwa mteja kuacha amana kama ya chupa ya soda, na boksi la povu lisitumike tena kwenye shughuli zozote za chama kuanzia Januari. Anayekula papo hapo aendelee kuhudumiwa kwa sahani ya kuoshwa. Kura itapigwa mara baada ya taarifa ya mhazini.