Barua kutoka Bolivia

La Paz, Juni

Kwako mpendwa Rehema,

Salamu nyingi kwako na kwa wote nyumbani Tanga. Mimi ni mzima wa afya. Uliniuliza kama msafiri anaweza kuizunguka Bolivia peke yake bila kampuni ya kumwongoza. Anaweza kabisa, mradi apange safari yake kwa kufuata mwinuko wa ardhi. Anzia Santa Cruz, kwenye joto la nyanda za chini, kisha upande basi hadi Sucre, mita 2,800 hivi juu ya usawa wa bahari, upumzike hapo mpaka mwili uzoee, ndipo uende Potosí, ambako ni zaidi ya mita 4,000 na ngazi chache tu hukufanya uheme.

Kutoka Potosí kuelekea Uyuni, tazama mashambani. Usiku wa msimu huu maji huganda, na wakulima huitumia baridi hiyo: hutandaza viazi vidogo nje vigande, jua likiviyeyusha huvikanyaga kwa miguu mitupu ili maji yatoke, na baada ya siku kadhaa hupata chuño, viazi vyepesi vya kukaa ghalani miaka. Nimevila katika supu, vyeusi na vyenye ladha ya udongo, na sasa navitafuta kila sokoni. Uyuni yenyewe ni uwanda wa chumvi wa zaidi ya kilomita za mraba 10,000. Beba miwani ya jua.

Lakini nakusihi, usiondoke bila kufika Yungas, mabonde yenye joto chini ya milima. Basi la kutoka La Paz hupita mlimani kwenye zaidi ya mita 4,600, kisha huteremka kwa saa chache tu hadi kwenye migomba na mibuni. Karibu na mji wa Coroico kipo kijiji cha Tocaña, cha wazao wa Waafrika walioletwa na Wahispania kama watumwa. Katiba ya mwaka 2009 iliwatambua rasmi. Ngoma yao huitwa saya: kiongozi hutoa mstari, wengine huitikia, na wewe uliyekulia kwenye ngoma utaifuata kabla hujaelewa neno lolote. Nilisimama pale nikalia, Rehema, kwa furaha na kwa uchungu pamoja.

Barabara huwa kavu kati ya Mei na Oktoba. Niandikie upesi tarehe za likizo yako, na uanze kujifunza Kihispania, kwani vijijini Kiingereza hakitakusaidia.

Wako akupendaye,
Zuhura