Kwa vijana wetu mnaotafutiwa dini na simu

Wajukuu zangu, na nyinyi watoto wa dada zangu, hamjambo. Naona mmetumiana ile kwizi ya mtandaoni ya Belief-O-Matic, inayokuambia imani yako inafanana na dini gani, na kila mtu anabandika matokeo yake kwa status, huyu Quaker, wale Wakristo wanaoitwa pia Friends, asilimia 100, yule Bahá'í, ile dini iliyoanzia Iran, mwingine hana dini kabisa, na mama zenu wananipigia simu mimi kana kwamba ndio niliitengeneza. Sitawakataza kuifanya. Hata mimi nilisomewa maswali nikajibu yote.

Lakini jueni mmefanya nini. Ni maswali 20, Mungu ni mmoja au wengi au hayuko, ukifa unaenda wapi, uovu ulitoka wapi, halafu ghafla unaulizwa mambo ya talaka na kutoa mimba na vita na mazingira, na kila swali unasema lina uzito gani kwako. Sasa guseni huo uzito peke yake, majibu msiyaguse, muone vile orodha inajipanga upya. Wenyewe wameandika hapo kwamba hawatashtakiwa roho yako ikiishia pabaya, ni mzaha wa Wamarekani ndiyo, lakini hapo wamesema ukweli.

Na hiyo orodha ni yao, dini 27 hivi. Scientology, ile dini mpya ya Wamarekani, iko. Kanisa la Israel ya Nineveh, lile la Zakayo Kivuli tangu 1942, ambalo nusu ya majirani zetu ni wake, wanaovaa kanzu nyeupe na kupita na ngoma hapa barabarani, haliko. Kwa hiyo mashine haikuwapimia dini zote, imewapimia zile inazozijua.

Wewe wa Quaker ndiye umenichekesha zaidi, maana umezaliwa karibu na Kaimosi, pale Wamarekani watatu walifika 1902 wakaanzisha misheni ya Friends, na leo Kenya ina Quaker wengi kuliko nchi nyingine yoyote, na nyanya yako ni mmoja wao, na wewe ndiye unasinzia pastor akihubiri. Sasa soma vizuri, umeandikiwa Liberal Quaker, hao ni wale wa Uingereza na sehemu za Marekani wanaokaa kimya karibu saa nzima, hakuna pastor, hakuna kwaya, mpaka mtu asukumwe na roho asimame aseme neno, na wengine wao hata hawana uhakika kama Mungu yuko. Utaweza kukaa kimya saa nzima wewe?

Hapo ndipo shida yangu iko. Kwizi inauliza unafikiria nini tu, haiulizi utaamka saa ngapi, utafunga nini, utakaa na nani matanga yakiingia kwenu. Yule wa Bahá'í, wenzako hufunga siku 19 mwezi wa tatu, kuanzia jua kuchomoza hadi kuzama, na pombe hawagusi, na najua Jumamosi huwa uko wapi. Kama unaitaka kweli watafute, kaa nao miezi kadhaa, ule nao, uone wanavyogombana na wanavyosameheana, ndio uje unipe jibu.

Na wewe uliyeambiwa huna dini usijifiche, maswali mimi siyaogopi, ila mamako angesikia kwa mdomo wako kabla ya kusoma kwa status. Mpigie leo. Halafu pitia kwangu, niko nyumbani siku zote isipokuwa Alhamisi, tuna kikao cha chama.