Kwa wazee wenzangu wa baraza, juu ya sindano za nguvu

Assalaam alaykum wazee wenzangu,

Nakuandikieni kwa sababu pale barazani, chini ya mkungu, jambo hili halisemeki lote. Watoto wanapita na sinia ya kashata, vijana wanasimama kutazama bao, na sisi wenyewe tukilifikia hugeuza maneno. Lakini najua wawili kati yetu wanachomwa sindano za testosteroni, ile homoni ya kiume, na mmoja anapaka mafuta yake aliyoletewa na mwanawe kutoka Uingereza. Wa nne nilikuwa mimi.

Nilianza msimu wa karafuu uliopita. Nilipanda mkarafuu mmoja tu, nikabaki tawini nahema, pakacha halijafika hata nusu. Na usiku nao ulikuwa na unyonge wake, mnaelewa. Muuza dawa mmoja hakunipima presha wala damu. Alinichoma nyuma ya pazia akaniambia nirudi baada ya wiki mbili. Mwezi wa mwanzo nilijihisi kijana, sitaki kukudanganyeni. Mwezi wa nne uso ulikuwa mwekundu, kichwa kizito, masikio yanavuma. Bi mkubwa ndiye aliyenitoa nyumbani kwa nguvu nende hospitali.

Kijana wa maabara alinionesha kibomba chembamba cha kioo kilichotoka kuzungushwa kwenye mashine. Chini wekundu, juu maji ya manjano. Kwa mwanamme mzima, alisema, wekundu hukaa baina ya 40 na 50 katika 100. Wangu ulikuwa 56. Ukishapita 54 daktari husimamisha dawa, kwa sababu damu iliyozidi uzito huweza kuganda ikaziba mshipa wa mguu, wa pafu au wa ubongo. Homoni hii huuhimiza uboho wa mifupa utengeneze chembe nyekundu, na sindano huhimiza kuliko mafuta, kwani siku za mwanzo dawa hujaa mwilini kupita kiasi.

Mmoja wenu aliniambia nende hijama yatakwisha. Hijama ni sunna na siikatai, lakini vile vikombe hutoa damu kidogo mno. Hospitali wakiamua kupunguza damu hutoa kiasi cha nusu lita kwa mara moja, nao wanapima kabla na baada.

Sasa wewe unayepaka mafuta, nisikilize vizuri. Juzi nilikukuta kibarazani kwako kifua wazi, mjukuu wako amelala juu yako, shavu lake limegandana na bega ulilotoka kulipaka. Nilinyamaza kwa kuwa palikuwa na wageni, na hilo linaniuma mpaka leo. Mafuta yale huhama kwa kugusana. Mtoto anayeyapata mara kwa mara huota nywele za sehemu za siri kabla ya wakati wake, na mifupa yake hukimbilia kukomaa. Marekani waliamrisha onyo hilo liandikwe kwenye paketi tangu 2009. Yanamdhuru mwanamke pia, na mwenye mimba zaidi. Nawa mikono kwa sabuni, yaache yakauke, vaa shati, na kabla ya kukumbatiana na mtu koga pahala ulipopaka. Nakuomba, leo hii.

Na wewe uliyeoa mke wa pili mwaka huu, unayemwomba Mola akujaalie mtoto: sindano hiyo hiyo inakufungia mlango. Ubongo ukiona homoni imejaa kwenye damu huacha kuzituma korodani kazi. Zinasinyaa, na mbegu hupungua, pengine zikaisha kabisa. Ukiacha, nyingi hurudi, lakini huchukua miezi, na kwa baadhi ya watu zaidi ya mwaka. Mwambie daktari unataka mtoto kabla hujachomwa tena.

Anayeamka usiku mara nne kukojoa apimwe tezi dume kwanza. Anayekoroma pumzi zikakatika nalo alitaje. Mwenye saratani ya tezi dume isiyotibiwa hapewi dawa hii.

Siisemi kuwa ni sumu. Yuko mtu korodani zake zimeharibika, au tezi ya ubongoni haitoi amri, nayo ni tiba yake halali. Mwaka 2023 yalitoka matokeo ya utafiti wa Marekani wa wanaume zaidi ya 5,000, wa miaka 45 hadi 80, wenye homoni pungufu na maradhi ya moyo au hatari yake. Mshituko wa moyo na kiharusi havikuzidi kwa waliopaka dawa. Kilichozidi ni moyo kwenda ovyo, damu kuganda mapafuni na figo kuumia. Na hao walikuwa wakipimwa na kufuatiliwa. Sisi nani anatufuatilia nyuma ya pazia?

Kipimo cha homoni hii ni cha damu ya asubuhi, baina ya saa moja na saa nne, siku mbili mbalimbali, kwa kuwa homoni hupanda na kushuka. Hakipo kila kituo, ulizeni kabla ya kupanda gari. Mimi waliponipima kila kitu walikuta sukari, ambayo yaonekana nimekaa nayo miaka sijui. Hiyo ndiyo iliyonichosha mkarafuuni na kuninyong'onyeza usiku. Kitambi na baadhi ya dawa za presha nazo hufanya hivyo hivyo.

Alkhamisi narudi hospitali Chake Chake kupimwa damu tena. Nitakuwa kituo cha gari saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kabla ya kufungua kinywa. Anayetaka tufuatane anikute hapo, na nauli ya kwenda ni juu yangu.

Wenu, mzee mwenzenu wa Wete