Barua kwa mwanangu anayesoma chuo Maynooth, Ireland

Marahaba mwanangu, na waaleikum salaam. Meseji zako zimefika zote na picha pia, ile ya mfereji wenye mabata mama yako keshaionyesha nusu ya Chumbageni. Nimeona nikuandikie barua ndefu maana kwenye simu tunakuwa watu sita, bibi yako anauliza yake, wadogo zako wanagombania kioo, ukija kugeuka bando imekata na sisi tumebaki na "mzima baba, namshukuru Mungu" na hakuna kingine tulichojua.

Mama, mimi nadhani hauko sawa sana. Na nakuandikia kukwambia kwamba hilo halina ubaya wowote, ila usitufiche.

Mama yako ndo wa kwanza kushtuka. Anakuuliza umekula nini, unajibu chapchap nimeshakula, halafu unarukia habari za masomo, na wewe tangu mdogo ukila kitu kizuri unasimulia mpaka chumvi yake. Ikabidi nimbane dada yako (usimkasirikie, nilimbana kweli) ndo akasema unaogopa kupika kwenye nyumba ya yule mama uliyepanga chumba kwake, eti kitunguu na samaki vitanuka nyumba nzima, kwa hiyo unakula mkate na tambi za pakiti chumbani umefunga mlango. Mwanangu! Najua kwa nini unaogopa. Nchi hiyo wenyewe wanalia nyumba hamna, wanafunzi wengine wanakaa mbali huko wanapanda treni kila siku, wengine wanapewa chumba Jumatatu mpaka Ijumaa tu, wikiendi wanatakiwa warudi kwao, sasa wewe kwenu Tanga ungerudi vipi. Umepata chumba cha siku zote saba unaona ukimuudhi mwenye nyumba umekwisha. Lakini kodi unalipa, na jiko mlikubaliana ni pamoja na wewe. Kaa nae chini muulize jiko ni la kwako saa ngapi mpaka saa ngapi, fungua dirisha, pika, na siku hiyo ya kwanza mpakulie na yeye sahani. Anza na wali wa nazi, tui la kopo huko lipo madukani, samaki watakuja baadae mkishazoeana. Unga wa sembe na nyama ya halali nenda Dublin, mitaa ya Moore Street kuna maduka ya Waafrika na Waasia, treni kutoka hapo haimalizi saa nzima. Na hiyo kadi ya Leap ya kulipia treni na mabasi hakikisha ni ya wanafunzi maana nauli inashuka nusu.

Jambo la pesa nataka unisikilize vizuri. Nimejua kuna ndugu wameshaanza kukutumia shida zao, mmoja anataka simu, mwingine ada ya mtoto, mwingine kasema tu "usitusahau" ambayo sote tunajua maana yake. Hujafika hata umekaa! Kadi ya uhamiaji peke yake ni euro 300, kuna bima, kuna kodi, kuna vitabu, na sheria yenyewe inakuruhusu kufanya kazi masaa 20 tu kwa wiki wakati wa masomo, yale 40 ni wakati wa likizo. Hayo masaa 20 ukiyapata ni ya tumbo lako na koti lako. Hakuna mtu hapa nyumbani anaesubiri hela yako, mama yako hasubiri, mimi sisubiri, na anaekuomba mwambie baba kasema aje dukani tuongee, niko pale kila siku mpaka magharibi. Hata ule mkopo nilioukopa kwa ajili ya safari yako ni wangu na nausimamia mimi, sitaki nisikie umelala na hesabu yake kichwani. Usitubebe mwanangu. Umeenda kusoma.

Ile picha ya mfereji imenifanya nisome usiku kucha. Huo ndo Royal Canal, na mwezi wa tano mwaka 1847 walipita kando yake watu 1,490 kwa miguu, wametoka mji mdogo wa Strokestown, wakulima waliokuwa wamepanga ardhi ya bwana mmoja mkubwa, wakaondolewa kwenye ardhi hiyo katikati ya ile njaa kubwa ya Ireland iliyoanza 1845 viazi vilipooza shambani. Walitembea mpaka Dublin, kilomita kama 165, wakavuka kwenda Liverpool kupanda meli za Kanada, na wengi mno walikufa kabla hawajafika. Njia yao sasa hivi watu wanaitembea kwa ukumbusho na wameweka viatu vidogo vya watoto vya shaba sehemu sehemu, angalia kama utaviona. Njaa ile iliondoka na watu kama milioni moja, na wengine zaidi ya milioni wakahama. Na hata miaka mingi baadae, mtoto akitaka kwenda Marekani, usiku wa mwisho majirani wanakusanyika kwao wanakesha kama matanga, maana walijua huyu hatuonani nae tena. Nilipofika hapo nikafunga simu kwanza, nikamkumbuka bibi yako alivyokushika mkono stendi hataki kuuachia.

Sisi tunaonana kwa vidio kila wiki alhamdulillah na inshallah utarudi. Ila roho yangu imetulia kidogo kujua uko kwenye mji ambao kupeleka mtoto mbali si habari ngeni. Huyo mama mwenye nyumba, siku ukimpakulia chakula muulize kwao nani walihama na walienda wapi. Sidhani kama kuna nyumba hapo ambayo haina jibu.

Umelalamika wanakuuliza hali halafu wanapita bila kusubiri jibu. Nimekuelewa, kwetu salamu mtu unaulizwa nyumbani, watoto, kazi, mpaka mbuzi. Hao usiwahesabie dharau, jibu kwa kifupi na tabasamu uendelee. Ila yule mzee kituoni anaekwambia leo mvua imezidi, huyo simama, mvua ndo anayoanzia mazungumzo, ukimjibu utasikia mengi. Na yule binti Mnaijeria aliyekualika kwenye chama cha wanafunzi, nenda, hata kama umechoka, hata kama hujui utaongea nini. Kujifungia chumbani ndo kitu kinachonitisha mimi kuliko baridi.

Sala usiziachie. Huku umezoea kibla kaskazini, huko ni mashariki ukivuta kidogo kusini, kwa hiyo usipange mswala kwa mazoea. Na jiandae mapema maana Desemba huko jua linachomoza saa mbili na nusu asubuhi zimeshapita na linazama saa kumi jioni na dakika chache, yani adhuhuri, alasiri na magharibi zote zinabanana humo humo kwenye vipindi vyako. Muulizeni chuo chumba cha kusalia, msione aibu, mji huo una seminari ya mapadri tangu 1795, mtu anaeenda kusali hawezi kuwashangaza. Ijumaa usiyokuwa na kipindi kuna msikiti Dublin pale South Circular Road, zamani lilikuwa kanisa, Waislamu wanautumia tangu 1983. Na mchana toka nje utembee hata kama inanyesha manyunyu, giza la miezi hiyo linaelemea watu, wenyeji wenyewe linawaelemea. Ukiona siku zinapita hutaki kuamka kitandani, chuo kina washauri wa wanafunzi, nenda kwao na unipigie na mimi, saa yoyote, hata saa nane za usiku.

Halafu kumbuka Jumapili ya mwisho ya Oktoba saa zenu zinarudi nyuma. Sa hivi tumepishana masaa mawili, yatakuwa matatu, kwa hiyo ile simu yetu ya saa tatu usiku ya huku kwako itakuwa saa kumi na mbili jioni sio saa moja. Jumatano ntakupigia mimi peke yangu nikiwa dukani, bila bibi bila wadogo zako, uniambie yote, ukitaka kulia ulie.

Mama yako anauliza umeshanunua viatu visivyopitisha maji au bado unavaa vile raba. Mjibu yeye, mtumie na picha, maana mimi hataniamini.

Wasalaam,
Baba yako